Adui wa Pumzi Yumo Chumbani

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Katika bweni la shule ya mwambao, wakati wa masika, aghalabu yupo mwanafunzi aamkaye saa tisa za usiku huku akikohoa. Huketi kitandani, akaweka mikono juu ya magoti, akavuta pumzi kwa taabu, na kifua chake kikatoa mlio kama wa filimbi. Wenzake humnyamazisha kwa kuwa wanataka kulala. Kunapopambazuka kikohozi hupungua, naye huenda darasani akiwa amechoka. Katika kipindi cha pili husinzia, na mwalimu humwita mvivu. Nyumbani watu husema amerogwa, au alicheza mno kwenye mvua, au kifua kibovu ni cha ukoo wao. Kila mtu ana neno lake juu ya mtoto yule, lakini hakuna aliyefikiria kuligeuza godoro lake na kulitazama, wala kuinua macho kuuona ukuta ulioloa nyuma ya kitanda chake.

Ugonjwa wa mtoto huyo ni pumu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na kwamba watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo mwaka huo huo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato kidogo, kwa sababu huko wagonjwa wengi hawatambuliwi mapema, na hata wakitambuliwa dawa haziwafikii. Pumu haiambukizi. Mtu hawezi kuipata kwa kulala karibu na mgonjwa wala kwa kunywea kikombe chake. Wala si ugonjwa wa kuogopa kazi. Ni ugonjwa wa mirija ya hewa, na kwa wagonjwa wengi yako mambo yanayoiamsha. Mawili kati ya hayo yamo ndani ya chumba cha kulala, nayo ni utitiri wa vumbi na ukungu wa kutani. Yote mawili yana mzazi mmoja, yaani unyevunyevu.

Vumbi lenye uhai

Waganga wa zamani walikwisha kuona kwamba wapo watu ambao vumbi la nyumba huwabana kifua. Mwaka 1921 na 1922 madaktari wa Marekani, Kern na Cooke, waliandika kwamba ngozi za wagonjwa wengi wa pumu huvimba zinapodungwa maji yaliyolowekwa vumbi la nyumbani. Swali lililobaki ni hili: ndani ya vumbi hilo kuna nini? Vumbi ni mchanganyiko wa nyuzi za nguo, mchanga, nywele, chembe za chakula na unga wa ngozi ya binadamu. Kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni kipi katika hivyo kinachodhuru.

Jibu lilipatikana katika mji wa Leiden, nchini Uholanzi. Daktari Voorhorst na mwenzake Spieksma waliona kwamba vumbi lililotoka katika nyumba zenye unyevu liliwadhuru wagonjwa kuliko vumbi la nyumba kavu. Walipolichunguza kwa darubini waliona limejaa wadudu wadogo sana wenye miguu minane, jamaa za kupe na buibui. Mwaka 1964 walitangaza kwamba wadudu hao ndio asili ya madhara ya vumbi la nyumba. Hao ndio utitiri wa vumbi.

Mdudu huyu ana urefu wa karibu robo ya milimita, na rangi yake ni nyeupe inayopenyeza mwanga, hata jicho la kawaida haliwezi kumwona juu ya shuka. Hana macho. Haumi, hanyonyi damu, wala haenezi ugonjwa kama afanyavyo mbu. Chakula chake kikuu ni magamba ya ngozi ambayo kila mwanadamu huyadondosha usiku na mchana. Kwa hiyo makao yake makubwa ni pale mwanadamu anapokaa muda mrefu: katika godoro, mto, blanketi, kochi la kitambaa na zulia. Gramu moja tu ya vumbi la godoro yaweza kuwa na utitiri mamia, hata maelfu.

Jambo kubwa la kukumbuka juu ya utitiri ni kwamba haunywi maji. Maji yote unayohitaji huyafyonza kutoka hewani kwa kupitia mwilini. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70 au 80, na joto likiwa la kadiri ya nyuzi 25, hustawi na kuzaana upesi. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 50 na kubaki hivyo kwa muda mrefu, hukauka na kufa. Ndiyo sababu watoto wa Uholanzi wenye pumu walipopelekwa Davos, mji wa milimani huko Uswisi wenye hewa kavu, wengi walipata nafuu. Ndiyo sababu pia nyumba za mwambao, ambako hewa huwa nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima, ni makao mazuri ya wadudu hawa. Katika nchi za joto yupo pia mwingine wa jamii hiyo, aitwaye kwa jina la kitaalamu Blomia tropicalis, ambaye naye huamsha pumu.

Kinachodhuru hasa si mdudu mwenyewe bali ni kinyesi chake. Mwaka 1981 Tovey, Chapman na Platts-Mills walionyesha kwamba vijipunje vya kinyesi cha utitiri ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya protini zenye kuleta mzio. Protini hizo ni vimeng'enya ambavyo mdudu huvitumia kusagia chakula tumboni mwake. Vijipunje hivyo ni vizito kidogo, kwa hiyo havielei hewani siku nzima. Huruka mtu anapojigeuza kitandani, anapokung'uta shuka au anapofagia kwa ufagio mkavu, kisha hutua tena baada ya muda mfupi. Lakini yule alalaye amelaza pua yake juu ya mto usiku kucha. Hapo ndipo ilipo sababu mojawapo ya kikohozi cha saa tisa.

Mwili unaojilinda kupita kiasi

Yafaa ielezwe mzio ni kitu gani, kwa kuwa neno hili hutumika ovyo. Mzio si udhaifu wa kinga ya mwili. Ni kinga iliyokosea adui. Mtu mwenye mwelekeo wa mzio, ambao mara nyingi hurithiwa katika ukoo, avutapo vijipunje vya utitiri kwa mara za kwanza haoni kitu. Lakini ndani yake mwili unatengeneza silaha. Silaha hiyo ni kingamwili iitwayo IgE, ambayo iligunduliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliofanya kazi Marekani, na pia na wataalamu wa Uppsala nchini Sweden. Kingamwili hizi hujibandika juu ya seli fulani zilizotapakaa katika ngozi laini ya pua, macho na mirija ya hewa, zikangoja.

Siku vijipunje vinaporudi, kingamwili huvitambua na seli zile hupasua ghala zake. Humwaga histamini na kemikali nyingine. Puani matokeo yake ni kuwashwa, chafya mfululizo na kamasi nyepesi. Machoni ni wekundu na machozi. Katika mapafu hutokea mambo matatu kwa pamoja: misuli inayozunguka mirija ya hewa hukaza, kuta za mirija huvimba, na ute mzito hujaa ndani. Tundu lililokuwa pana kama bomba hugeuka kuwa jembamba kama mrija wa kunywea soda. Mgonjwa huweza kuvuta hewa, lakini kuitoa ni mashaka, na ndipo mlio wa filimbi husikika. Mashambulizi yakirudiwa usiku baada ya usiku, uvimbe haupoi, na mirija huwa nyepesi kukasirishwa na kila kitu: moshi wa kuni, manukato, hewa ya baridi, mbio za uwanjani, hata kicheko.

Uthibitisho wa jambo hili ulionekana wazi mwaka 1982, pale Platts-Mills na wenzake walipoandika habari za wagonjwa tisa wa pumu wenye mzio wa utitiri. Wagonjwa hao waliishi kwa miezi miwili au zaidi katika vyumba vya hospitali vilivyokuwa karibu havina utitiri. Mirija yao ya hewa ilipungua ukali, na dawa walizohitaji zikapungua.

Funzo la blanketi

Katika nyanda za juu za mashariki mwa Papua New Guinea wanaishi watu waitwao Wafore. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pumu ilikuwa nadra sana miongoni mwao, chini ya mtu mmoja katika kila mia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 ulikuta kwamba kwa watu wazima ilikuwa imefikia kiasi cha watu saba katika kila mia. Wachunguzi walipotafuta kilichobadilika, walikuta blanketi. Zamani watu hao walilala kando ya moto bila ya kujifunika sana. Blanketi za pamba zilipoingia vijijini, zilitumika muda mrefu bila kufuliwa mara kwa mara katika hewa yenye unyevu, nazo zilijaa utitiri. Wengi wa wagonjwa walipopimwa ngozi walionekana kuwa na mzio wa wadudu hao.

Kupatana kwa mambo mawili si uthibitisho kamili kwamba moja limezaa jingine. Hata hivyo, wataalamu wengi huuona mfano huo kuwa na uzito mkubwa. Wala funzo lake si kwamba watu warudie kulala bila blanketi. Blanketi ni maendeleo, na godoro la sponji ni maendeleo. Funzo ni kwamba kila kifaa kipya kinapoingia nyumbani huja na utunzaji wake, na pale kifaa kinapopokewa bila utunzaji, faida yake huliwa na madhara yake. Mkeka ulikung'utwa kila asubuhi na kukunjwa. Godoro halikunjwi, hubaki pale pale miaka kumi, na masika kumi hupita juu yake.

Ukungu wa kutani

Adui wa pili haonekani kwa darubini tu, huonekana kwa macho. Ni yale madoa meusi, ya kijani au ya kijivu yanayotambaa kwenye pembe za dari, nyuma ya kabati, chini ya dirisha na katika viatu vilivyosahauliwa. Huo ni ukungu, nao ni jamii ya kuvu. Walimu wa sayansi wanajua kwamba kuvu si adui siku zote. Hamira ni kuvu, na dawa ya penisilini iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928 ilitoka katika kuvu wa aina ya Penicillium. Lakini wananchi wanaijua pia sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoharibika. Sumukuvu huingia mwilini kwa njia ya chakula. Ukungu wa kutani hudhuru hasa kwa njia ya pumzi.

Kuvu huzaana kwa vijimbegu vidogo mno, ambavyo vimo hewani kila mahali na kila siku. Hakuna nyumba isiyo navyo. Kijimbegu kikitua juu ya ukuta mkavu hakifanyi kitu. Kikitua juu ya mbao, karatasi, kitambaa au rangi iliyolowa, huanza kuota katika muda wa siku moja au mbili. Chakula chake ni hicho hicho kilichojengea nyumba: gundi ya jalada la kitabu, karatasi ya ubao wa dari, uchafu mwembamba ulioganda juu ya rangi. Kisha hutoa vijimbegu vipya kwa mamilioni. Kwa kuwa vingi ni vyepesi kuliko vijipunje vya utitiri, hukaa hewani muda mrefu, vikashuka hadi ndani ya mapafu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na ukungu majumbani, ambamo lilihitimisha kwamba wakaao katika majengo ya namna hiyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizo ya njia ya hewa na mashambulizi ya pumu.

Chanzo ni maji, na maji huingia kwa njia nyingi. Bati lililotoboka hudondosha. Bomba lililopasuka ndani ya ukuta huvuja kimya kimya. Msingi usio na kizuizi cha unyevu hunyonya maji ya ardhini. Chumba kisicho na dirisha la pili hufungia mvuke wa jikoni na pumzi za walalao. Wakati mwingine hata ukarabati wenyewe huleta madhara. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu ya chokaa huacha ukuta utoe unyevu wake nje. Fundi anapopiga lipu ya saruji juu ya ukuta huo, unyevu hufungiwa ndani, ukatafuta njia ya kutokea chumbani.

Kifo cha mtoto mmoja

Mambo haya si madogo. Mwezi Desemba mwaka 2020, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, alikufa mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan. Waliishi katika nyumba ya kupanga ya shirika la nyumba. Tangu mwaka 2017 baba yake alikuwa ametoa taarifa ya ukungu kutani, naye akaambiwa apake rangi juu yake. Ilidhaniwa kwamba kosa ni la wakaaji na namna yao ya kuishi. Ukungu ukazidi. Ugonjwa wa mtoto huyo haukuwa pumu ya kawaida, bali uvimbe mkali wa njia za hewa. Lakini Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitoa uamuzi ulio wazi: mtoto alikufa kwa sababu ya kuishi muda mrefu katika ukungu wa nyumba yake, na hatua zilizopasa kuchukuliwa hazikuchukuliwa.

Nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 2023, nayo sehemu yake inayohusu jambo hili imeitwa kwa jina la mtoto huyo. Kuanzia tarehe 27 Oktoba 2025, wenye nyumba za mashirika huko Uingereza wanalazimika kushughulikia hatari za dharura, pamoja na ukungu wa kutisha, ndani ya saa 24. Mtumishi wa umma asomaye habari hii hana budi kutazama juu ya meza yake. Huenda ipo pale barua ya mkuu wa shule inayosema kwamba paa la bweni linavuja, nayo imepigwa mhuri wa kupokelewa, ikawekwa ndani ya jalada, na jalada likarudi masjala. Barua hiyo haihusu bati tu. Inahusu mapafu ya watoto walalao chini ya bati hilo.

Lipi la kufanya?

Kwanza ni maji. Palipovuja pazibwe, na palipolowa pakaushwe kabla ya siku mbili kupita. Ukungu mdogo juu ya ukuta mgumu usuguliwe kwa maji ya sabuni, kisha ukuta uachwe ukauke kabisa. Afanyaye kazi hiyo afunike pua na mdomo, na mgonjwa wa pumu asiwe karibu. Ubao wa dari au zulia lililooza kwa maji litolewe, kwa kuwa mizizi ya kuvu imo ndani yake. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kumfunika adui shuka ili asionekane.

Pili ni hewa. Madirisha yanayotazamana yafunguliwe wakati wa jua. Vitanda na makabati visogezwe mbali kidogo na kuta, ili hewa ipite. Nguo mbichi zisianikwe chumbani mwa kulala.

Tatu ni kitanda. Bibi zetu waliotoa magodoro ya sufi nje kila jua lilipowaka hawakuijua IgE, lakini walifanya jambo la haki. Mwaka 1994 Tovey na Woolcock walionyesha huko Australia kwamba jua kali likipiga mazulia moja kwa moja laweza kuua utitiri wote uliomo, kwa joto na kwa ukavu. Godoro na mito vitolewe juani kwa saa kadhaa, vikigeuzwa pande zote mbili, na vikung'utwe huko huko nje na mtu asiye na pumu. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki. Maji ya moto wa nyuzi 60 huua utitiri. Maji baridi hayauui wote, lakini huondoa sehemu kubwa ya kinyesi chake, na jua humalizia kazi. Mwenye uwezo alifunike godoro la mgonjwa kwa foronya iliyofumwa kwa kubana sana, inayofunga pande zote. Mfuko wa nailoni usitumiwe kwa mtoto mchanga, maana waweza kumziba pumzi.

Nne ni ufagio. Sakafu inyunyizwe maji kidogo au ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Mwanafunzi mwenye pumu asipangwe zamu ya kufagia bweni wala ya kupanga vitabu vya zamani stoo. Apewe kazi nyingine ya haki, isiwe adhabu wala upendeleo. Karani wa masjala anayepiga chafya kila afunguapo majalada ya zamani naye asichekwe. Majalada yale yakaushwe, na chumba kipewe dirisha.

Ni lazima isemwe kwa uaminifu kwamba jambo moja pekee halitoshi. Wataalamu wa Denmark waliokusanya majaribio mengi, na kutoa matokeo yao mwaka 2008, waliona kwamba njia zilizojaribiwa za kupunguza utitiri hazikuonyesha faida ya kutegemewa. Lakini mwaka 2004 jaribio la Marekani lililohusisha watoto 937 katika miji saba lilionyesha kwamba pale hatua kadhaa zilipochukuliwa kwa pamoja, kufuatana na mzio wa kila mtoto, siku za ugonjwa zilipungua. Na katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017, watoto 284 wenye mzio wa utitiri walifuatwa kwa muda wa mwaka mmoja. Kati ya waliopewa foronya maalumu za kufunika godoro na mito, kiasi cha 29 katika kila mia walipelekwa hospitali kwa shambulio la pumu, na kati ya waliopewa foronya za kawaida walikuwa kiasi cha 42. Usafi wa chumba haufukuzi pumu moja kwa moja, lakini humpunguzia mgonjwa safari za usiku kwenda hospitali.

Dawa na wajibu wa mwalimu

Usafi hauchukui nafasi ya dawa. Dawa za pumu za kuvuta kwa mdomo, ambazo wengi huziita inhela, ni za namna mbili. Iko ya kufungua kifua upesi, kama vile salbutamol, na iko ya kutuliza uvimbe, itumiwayo kila siku hata mgonjwa anapojiona mzima. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema kwamba vijana na watu wazima wasitibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake, kwa kuwa humpa mgonjwa nafuu ya saa chache na kuuacha uvimbe ukiendelea. Dhana kwamba inhela humfanya mtu mtumwa wake ni ya kupotosha, na imewagharimu wengi maisha. Aidha, akohoaye kwa zaidi ya wiki mbili apimwe pia kifua kikuu, maana magonjwa haya mawili huweza kudhaniwa kuwa moja.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa vizuri bila chombo cha kuipitishia. Chombo cha dukani ni ghali. Lakini mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walithibitisha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa tundu chini yake ili mdomo wa inhela uingie na kukaza, hufanya kazi sawa na chombo cha kununua. Chupa tupu ya maji yaweza kuokoa maisha, ikiwa yupo mtu aliyefundishwa kuitengeneza na kuitumia.

Shambulio likitokea darasani au bwenini, mtoto aketishwe wima, asilazwe. Vifungo vya shingoni vifunguliwe, wenzake wasimzonge, na mwalimu awe mtulivu. Utaratibu unaofundishwa Australia ni rahisi kushika. Dawa ya kufungua kifua ipulizwe katika chombo mara nne, moja moja, na kila mara mtoto avute pumzi nne. Kisha hungojwa dakika nne. Kama hakuna nafuu, hurudiwa vile vile huku msaada wa hospitali ukitafutwa mara moja. Mtoto ambaye hawezi kumaliza sentensi, ambaye midomo yake inageuka rangi, au ambaye mlio wa kifua umenyamaza ghafla huku bado akihangaika, yumo katika hatari ya kufa. Hapaswi kungoja asubuhi wala ruhusa ya mtu yeyote. Na inhela ya mwanafunzi isifungiwe kabatini mwa ofisi ambayo ufunguo wake uko nyumbani kwa mwalimu wa zamu. Mahali pake ni mfukoni mwa mwenyewe, au mkononi mwa mtu aliye karibu naye usiku na mchana.

Hitimisho

Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kuisikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Waliporudi makwao walichimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Hawakungoja kila mmoja awe daktari. Waliambiwa sababu ya ugonjwa, wakaielewa, wakashika majembe. Adui wa leo yumo ndani ya chumba, na vita vyake havihitaji jembe. Vinahitaji ndoo ya maji ya sabuni, jua la mchana, bati moja jipya, na barua moja inayojibiwa kwa wakati.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa ukuta wa bweni methali hii haina fumbo, ni maelezo ya kazi. Ufa ukizibwa kabla ya masika, ukungu hukosa maji. Godoro likianikwa, utitiri hukauka. Mwanafunzi yule aliyeitwa mvivu huweza kulala hadi alfajiri, akaingia darasani akiwa macho, naye mwalimu akaona kwa mara ya kwanza kwamba mtoto huyo ana akili nyingi.